Kitufe cha Salamu cha Oraba

Ruqaiya Nasur aliacha chuo kikuu mwaka wa pili, siku mhadhiri alipofundisha kompyuta kwa chaki na ubao, na hajajuta hata dakika moja. Kazi yake sasa ni kubuni kurasa za programu ili binadamu wa kawaida azitumie bila kutukana. Shangazi zake wa Arua wakimuuliza hasa anafanya nini, hujibu, "Nachungulia watu wakigombana na mashine, halafu naikaripia mashine."

Kuchungulia anakujua. Kuanzia ofisi za Arua Hill hadi maduka ya Koboko amekusanya vituko vya kila namna. Kuna karani anayezima skrini na kwenda nyumbani akiamini amezima kompyuta. Kuna bwana anayebonyeza kipanya kana kwamba anaua chawa. Kuna mkubwa mmoja aliyebandika neno lake la siri ukutani, kwa herufi nene, karibu na picha ya harusi yake, ili wageni wasisumbuke kumuuliza. Barabarani nako Ruqaiya huifunga laptopu yake kwenye mifuko miwili ya plastiki kwa sababu ya vumbi, akaipakata kwenye bodaboda kwa upole mpaka dereva mmoja akamuuliza mtoto ana miezi mingapi.

Asubuhi hiyo alikuwa Oraba, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, ndani ya ofisi ya mawakala wa forodha. Alikuwa amewabunia ukurasa wa kuandikisha malori yanayovuka kwenda Kaya, ng'ambo ya mpaka, na mkubwa wake, Ondoga, alikuwa amekuja kuuona ukijaribiwa. Masharti yalikuwa mafupi: mawakala watano, lori moja kila mmoja. Wakishindwa wawili, kazi anapewa mbunifu mwingine kutoka Kampala. Ondoga ni mwana wa Logiri, karibu na Arua, aliyekaa Kampala mpaka akarudi na saa ya mkononi inayomwambia lini asimame na lini avute pumzi.

Isa alianza vizuri. Aliandika namba ya lori, akaandika saruji, akafika kwenye jina la dereva. Hapo akaingia jamaa yake wa Koboko. Isa akainuka. Wakashikana mikono, wakaulizana habari za nyumbani, za mama, za mgonjwa, za mvua, wakashikana tena. Aliporudi kitini, ukurasa ulikuwa umejifunga na kila alichoandika kimepotea.

"Dada, hii komputa yako iko nafukuza watu!"

"Wa kwanza," alisema Ondoga, akitazama saa.

Rosina akaketi. Akaingia mama mkwe wake. Tusiongeze neno.

"Wa pili," alisema Ondoga, akaanza kukunja waya wa chaja.

Ruqaiya alijipiga paji la uso. Ondoga ndiye aliyeamuru ukurasa ujifunge mtu asipougusa kwa dakika tatu, maana kompyuta ni moja na mawakala wote wanaitumia. Naye Ruqaiya akakubali kama bubu! Yeye, ambaye akipita uani kwa shangazi yake hawezi kutoka kabla chai haijapoa.

"Bosi, kosa ni langu, na dawa ninayo. Naweka kitufe cha salamu. Mtu akikibonyeza, ukurasa unajificha, kazi inabaki, mpaka arudi na namba yake ya siri."

"Ruqaiya, duniani kote hakuna programu yenye kitufe cha salamu. Dakika tatu zinatosha mtu mwenye nidhamu."

"Basi kaa wewe, mwenye nidhamu. Ukimaliza, nafungasha narudi Arua bila kelele."

Mawakala wakapiga makofi. Ondoga akavuta kiti. Alikuwa kwenye mstari wa nne wakati Mzee Swaka, mwenyekiti wa mawakala, alipoingia akipangusa miwani.

"We! Wewe si mutoto ya mwalimu wa Logiri? Simama nikuone! Mimi nilikula muhogo ya baba yako wakati wa vita!"

Mtu wa Logiri hawezi kusalimiwa hivyo akabaki amekaa. Ondoga alisimama. Akaulizwa baba, akaulizwa mama, akaulizwa mbuzi, akaulizwa kwa nini ameoa mbali. Saa ya mkononi ikalia, Mzee Swaka akaifunika kwa kiganja bila kukatiza sentensi. Ondoga alipogeuka, skrini ilikuwa tupu.

"Bosi naye imemufukuza!" Rosina alicheka akishika mbavu.

Ondoga akaukunjua tena waya wa chaja. "Hicho kitufe kinachukua muda gani?"

Ruqaiya alikuwa ameshaanza kuandika. Kufikia saa nane mawakala wote watano walikuwa wamemaliza, Isa akiwa amekibonyeza mara tatu na Rosina mara saba, moja kwa kumsalimia Isa. Ruqaiya akasogeza karatasi ya mradi mbele ya Ondoga, akamwekea kalamu mkononi.

"Saini haraka, bosi. Kuna mzee mwingine anavuka barabara, na anakutazama."

Ondoga akasaini akiwa ameshaanza kusimama.