Kaseti Niliyoisikiliza Nusu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mke wangu asinisikie nikisema hivyo. Nilikuwa kijana, nafanya kazi gereji Dar es Salaam, nimepanga chumba na wenzangu wawili. Mtu wa kwetu Kisesa akashuka kwenye treni, akanitafuta mpaka akanipata, akanikabidhi kaseti iliyoviringishwa kwenye kipande cha kanga. Ilitoka kwa mama yangu.

Mama hakujua kusoma wala kuandika. Siku hizo watu wa namna yake walikwenda kwa jirani mwenye redio kaseti, wakaongea, na kaseti ikasafiri badala ya barua. Nikaiweka kwenye redio yetu, wenzangu wakasogea. Kimya. Kuku wanasikika kwa mbali, basi. Kumbe mama alikuwa amekaa ananisubiri nimwamkie, maana kwetu mtoto ndiye anayeanza salamu. Alipoona muda umetosha akaitikia, kana kwamba nimeshamwamkia. Akauliza habari za kazi, akanyamaza nimjibu. Akauliza kama nimekula, akanyamaza tena.

Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Niliona aibu, mwanangu, na ili nisionekane mshamba nikacheka nao. Nikazima redio, nikasema hizo ni salamu tupu, nitazisikiliza siku nyingine. Hiyo siku nyingine haikufika.

Miezi miwili baadaye ikaja telegramu kwamba baba amefariki. Nilifika Kisesa wameshamzika. Nikawaka mbele ya ukoo mzima, nikisema baba ameugua muda wote huo na hakuna aliyejali kunijulisha. Nikamgeukia kaka yangu Masanja, nikamwambia yeye ndiye mkubwa na kazi hiyo ilikuwa yake. Masanja akamtazama mama. Mama akainamisha kichwa, akasema, "Tusamehe, mwanangu. Tulipitiwa."

Tangu siku ile mimi na Masanja tukawa watu wa kupeana mikono misibani tu. Zaidi ya miaka arobaini. Mama alifariki akatuacha hivyo hivyo.

Mwaka huu binti yangu Minza, ambaye ni mwalimu na anaishi nasi hapa Buswelu, aliikuta ile kaseti kwenye sanduku langu. Akasema tuihamishie kwenye kompyuta kabla utepe haujaharibika, ili watoto wake waisikie sauti ya mama yangu. Alizunguka kwa mafundi wa Kirumba mpaka akapata redio kaseti inayofanya kazi, akachomeka waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta. Utepe ulikuwa umelegea, nikauvuta kwa kuzungusha kalamu ya risasi. Minza alinionya kwamba unaweza kukatika, kwa hiyo huenda tukamsikia bibi yake mara moja tu. Nikamuuliza kama kompyuta yenye akili zote hizo haiwezi kuinyonya sauti haraka haraka.

"Hapana, baba," akasema. "Kama bibi aliongea nusu saa, na sisi tutakaa nusu saa."

Basi tukakaa. Kuku wakaanza kulia, kuku walioliwa kabla Minza hajazaliwa. Kwenye kioo cha kompyuta mstari wa sauti ulitulia, kisha ukapanda kidogo, na Minza akaniambia kwamba hapo bibi anavuta pumzi. Mama yangu amelala kaburini Kisesa, naye anavuta pumzi mezani kwangu Buswelu. Alipouliza kama nimekula nikajikuta nimejibu kwa sauti kwamba nimekula, mama. Minza hakucheka.

Kisha tukapita pale nilipozima redio ujanani. Mama akashusha sauti. Akasema baba yako anaumwa, hawezi tena kusimama, na kila jioni anauliza kama umefika. Njoo, mwanangu. Masanja ataipeleka kaseti hii stesheni mwenyewe, ampe mtu wa kuaminika. Halafu akanyamaza, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote, maana hapo ndipo alipokuwa akisubiri niseme nakuja.

Nililia, sioni haya kukwambia. Siku ile ya msiba mama alijua kwamba kaseti ilifika, maana aliyeileta alikuwa amesharudi Kisesa. Alinisikiliza nikiwashutumu mbele za watu, neno moja tu lingenifunga mdomo, naye akachagua kuniomba msamaha. Sikujua kama moyo wa mtu unaweza kuwa mpana kiasi hicho.

Kesho yake nilikwenda Kisesa. Nilimkuta Masanja zizini, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alimalizia kufunga lango, akasema bila kunitazama, "Nilijua siku zote. Mama alinikataza kukwambia. Alisema ukijua hutapata usingizi maisha yako yote." Halafu akanishika mkono, tukaingia ndani tukala pamoja.

Sasa wewe, mwanangu, mama yako anakutumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Unaona dakika saba, unaguna, unaukimbiza au unauacha. Nakuomba usikilize mpaka mwisho. Mzee haanzi na jambo lenyewe. Anaanza na wewe, umelalaje, umekula nini, na lile zito analiweka nyuma. Na ukitaka kumlaumu ndugu yako kwamba hakukwambia, jiulize kwanza kama ulimpa nafasi ya kusema.

Mungu akupe masikio yenye subira. Akuwekee wazazi wako mpaka uchoke kuwasikia, na usichoke. Na siku utakayokosa mbele za watu, akupe mtu wa kukusitiri, nawe umjue angali hai.