Papa Niliyemtia Katika Daftari la Babu

Msimtafute mwingine wa kulaumu. Aliyeliharibu daftari la babu ni mimi, kwa mkono wangu, tena kwa wino mpya!

Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha. Kila siku ya safari aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, katika daftari lililonuka mafuta ya papa hadi nyumba ya tatu. Mama alilihifadhi kashani. Macho yake yalipopungua, na mimi nikapata cheti cha shule ya usiku, akaniomba nilinakili kwa herufi za kizungu ili wajukuu walisome.

Jamani, kile cheti kilinipanda kichwani! Mji Mkongwe mzima sikumwona wa kunizidi maarifa.

Taabu ni kwamba babu hakuwa na mbwembwe. “Leo upepo mdogo. Tumekula mchele.” Kesho yake: “Upepo mdogo. Mchele umekwisha.” Kurasa kwa kurasa! Nikamwonea huruma. Nikamtilia dhoruba. Nikamtilia nyangumi mkubwa kuliko Ngome Kongwe. Katika safari ya Lamu aliandika mstari mmoja tu: amezaliwa binti, nimemwita Zuwena. Hata sikujiuliza huyo binti babu kamzaa na nani. Nikauruka, na mahali pake nikamweka papa, babu akampiga kasia la kichwa.

Daftari lenyewe nikampa muuza njugu wa Darajani afungie njugu zake. Mama nikamwambia mchwa wamelimaliza.

Ijumaa moja akaja bibi mmoja kutoka Lamu, mkubwa kuliko mama kwa umri. Akasema yeye ni Zuwena, baba yake ndiye yule nahodha, na marehemu mama yake alimhakikishia kuwa jina lake liliandikwa.

“Sikufuata kitu,” akamwambia mama. “Nataka kulisikia jina langu tu.”

Mama akanitazama kwa fahari. “Msomee.”

Nikasoma nakala yangu mwanzo hadi mwisho. Papa akaja, akapigwa, akaenda zake. Zuwena hakutokea.

Mgeni akaanza kujifunga buibui lake aondoke. Sikuweza kustahimili. Nikatoboa yote, pamoja na njugu.

“Na yule papa?” mama akauliza.

“Nilimtunga.”

“Na nyangumi?”

“Naye pia.”

“Basi na huyu Zuwena si umemtunga sasa hivi?”

Wallahi, ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema kweli tangu nipate cheti, na ushahidi umeshafungiwa njugu!

Mwezi mzima nimekula njugu za Darajani, nikikunjua kila karatasi. Nimenenepa hadi mlango wa nyumba naingia ubavu. Nilichopata ni kipande kimoja: “Mchele umekwisha.”

Bi Zuwena amepanga chumba Jang'ombe, na kila Ijumaa huja. Mimi humwita mama mkubwa, naye hunitania, “Mwanangu, papa wako hajambo?” Mama hucheka naye, humkatia mkate wa kumimina kipande kinene. Lakini chai yake humtilia katika kikombe cha wageni.

Nyinyi mliopata vyeti, nakuombeni: mkikuta mzee kaandika maneno makavu, yaacheni na ukavu wake. Hamjui ni mstari gani mtu atavuka bahari kuja kuusikiliza.

Mie kila Ijumaa nakitazama kikombe kile, kisha nakunjua karatasi nyingine ya njugu.