Ufunguo wa Akiba kwenye Msumari

Mume wangu wanamwita Fyuzi. Jina alipewa na madereva, na wasiomjua hudhani ni kwa sababu ya kazi yake, maana ni fundi umeme wa magari tangu ana ndevu tatu kidevuni. Wanaomjua wanaelewa kuwa ni hasira zake. Mwambie taa aliyoitengeneza jana imezima tena, kabla hujamaliza sentensi ameshaungua. Hata mimi nikitaka kumchokoza namwita Fyuzi, na nikitaka tule kwa amani namwita baba.

Ana kibanda kando ya barabara, ng'ambo ya nyumba yetu. Meza moja, sanduku la vifaa, na makopo ya balbu na nati ambayo mtu mwingine akiyasogeza vita inaanza. Cheti hana. Ana sikio. Huweka ncha ya bisibisi kwenye starta na mpini sikioni, akafumba macho, kisha akakuambia kinachouma. Kwa kazi hiyo alimsomesha mdogo wake, shemeji yangu, baada ya wazazi wao kufariki, kuanzia kaptula za shule hadi akawa msimamizi wa bohari ya dawa, mtu wa kuvaa mkanda unaofanana na viatu.

Tunaishi kiwanja kimoja walichoachiwa na wazazi: nyumba yetu mbele, ya shemeji nyuma, ua katikati. Chumba chetu cha kulala kiko upande wa barabara. Chumba changu cha kushonea kiko upande wa ua, na cherehani yangu iko dirishani, kwa hiyo hakuna linalopita uani nisilione. Nikisimulia jambo la pale, nimeliona mwenyewe.

Basi shemeji akanunua gari. Jipya, si jipya la kusema tu. La kutoka kwa kampuni inayoyauza, viti bado vina nailoni. Aliliegesha chini ya dirisha langu, na kati ya gari na ukuta wetu ikabaki nafasi ya kupita kuku. Mke wake, Mama Pacha, alishuka akaufunga mlango kwa vidole viwili. Watu wakapongeza, nami nikapongeza, na roho ikaniuma pale pale. Mume wangu alilizunguka gari mara mbili, akafika mbele, akanyoosha mkono kwenye boneti.

"Kaka, samahani," shemeji alisema. "Kampuni wamesema fundi mwingine asiguse. Akigusa tu, waranti imekufa."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi. Lakini ule mkono ulibaki hewani, mpaka mwenyewe akautafutia kazi ya kujikuna kichwa.

Hapo shemeji akatoa mfukoni ufunguo wa pili. Gari hilo halichomekwi ufunguo. Ukiwa nao mwilini, gari linakutambua unapolikaribia, unafungua, unabonyeza kitufe linawaka. Akamwekea kaka yake kiganjani.

"Huu ni wako. Tembea nao. Siku yoyote ukilitaka gari, chukua, hata usiniulize."

Mume wangu alishukuru, akaingia ndani, akauacha juu ya meza yangu katikati ya vifungo vya mashati. Nilimuuliza niuweke wapi. Akajibu popote, yeye haendeshi gari asiloruhusiwa kulifungua boneti, na kuanzia siku hiyo hakuugusa. Nyumba ile ina makabati na droo za kutosha. Mimi niliutundika dirishani, kwenye msumari wa tepu yangu ya kupimia.

Wiki ya pili gari likagoma. Asubuhi shemeji kavaa vizuri, kabonyeza kitufe, kimya. Betri imekufa. Kampuni wakatuma gari la kulivuta, wakakaa nalo siku mbili, wakalirudisha wakisema halina hitilafu. Kwao limewaka kila asubuhi. Lilipolala uani usiku mbili, likafa tena. Wakalichukua, wakabadilisha betri. Likafa. Wakalichukua mara ya tatu, wakakaa nalo wiki nzima, likawaka kwao kama saa, wakalirudisha na karatasi yenye mhuri: hakuna hitilafu.

Kila shemeji alipotoka huko, alikuwa na habari za kampuni. Ukumbi wa vioo, kahawa ya bure, viti vinavyozunguka. Na fundi wao, kijana wa glavu nyeupe, anachomeka kompyuta chini ya usukani, gari linamweleza lenyewe. Fundi wa kampuni kasema hivi, fundi wa kampuni kasema vile. Mume wangu alikuwa akisikia jina hilo anaacha kutafuna.

Niseme ukweli wake, maana ni mume wangu na namjua: ulikuwa wivu. Hakulionea wivu gari. Alimwonea wivu yule kijana wa glavu. Gari likigoma asubuhi, yeye alitoka na mswaki mdomoni, akasimama mlangoni, na uso wake ulikuwa na raha ambayo siku nyingine siioni. "Waite kampuni," alikuwa akisema, kisha anarudi ndani kusukutua.

Na mimi sikuwa bora. Mama Pacha alipopanda teksi kwenda kazini na gari lake jipya limelala, sindano yangu ilikimbia vizuri zaidi. Jumamosi ndiyo ilikuwa ikinichoma hasa. Kila Jumamosi shemeji aliliosha gari likametameta, akaliacha pale dirishani pangu, kisha yeye mwenyewe akaenda sokoni kwa miguu. Tulimsema sana mimi na mume wangu. Tulisema analiacha makusudi ili tulitazame.

Mwezi wa pili shemeji alikuja kwetu jioni, uso umemshuka. Kampuni wangelichukua gari Jumatatu kwa mara ya mwisho. Wakishindwa, atawarudishia, amechoka kuchekwa kazini. Alipoondoka, mume wangu alikaa akizungusha kikombe mezani.

"Angeniambia neno moja tu," alisema. "Kaka, njoo uone. Basi. Nilimfunga kamba za viatu mimi."

Jumapili shemeji na familia yake walikwenda kutembelea watu kwa teksi, gari hawakuliamini tena. Jioni ya jana yake shemeji alikuwa ameazima betri ya kibandani, akalishtua gari kwa umeme wake na kuliacha lingurume mpaka likapata nguvu. Mume wangu akavuka barabara, akarudi na mita yake ya kung'ata, ile inayoubana waya kwa nje na kusoma umeme bila kukata wala kung'oa chochote. Akaniambia waranti haitajua. Kwa mara ya kwanza akauchukua ufunguo pale msumarini, akafungua mlango, akainua boneti, kisha akanipa ule ufunguo nimshikie kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi.

Akasoma, akasubiri, akasoma tena. "Gari likizimwa linatakiwa lilale," alisema. "Hili liko macho." Akanituma kibandani nikamletee miwani. Nilikuwa nimefika barabarani aliponiita nisimame hapo hapo. Nikasimama. Akasema nirudi. Nikarudi. Akasema niende tena.

"Kuna nini?"

"Nenda, mwanamke."

Nilikwenda na kurudi mara sita, nguo za watu zikinisubiri, na jirani aliyekuwa akianua nguo zake akaacha kuanua. Nikiwa mbali namba za mita zilishuka mpaka karibu na sifuri. Nikikaribia zilipanda. Mwishoni akautazama ufunguo mkononi mwangu, kisha akaniuliza siku zote hizi nilikuwa nimeuweka wapi. Nikamwonyesha kwa kidole.

Alipima kwa mikono kutoka msumarini hadi mlango wa gari. Haikufika mita moja. Akaketi juu ya tofali na kunieleza taratibu. Gari lilikuwa linasikia ufunguo usiku kucha, likidhani mwenyewe anakuja, basi linakaa macho kumsubiri mpaka betri inaisha. Kwa kampuni lilikuwa linalala vizuri kwa sababu kwa kampuni hakuna msumari wetu.

Nilidhani atafurahi, maana amelipata lililomshinda kijana wa glavu na kompyuta yake. Hakufurahi. Alisema nisimwambie mtu. Akisema, shemeji atajua ameligusa gari, tena atajua ugonjwa ulitoka kwetu. Akauchukua ufunguo, akautumbukiza kwenye kopo la nati analoliweka chumbani kwetu, upande wa barabara.

Jumatatu kampuni wakalichukua gari, wakabadilisha kifaa fulani, wakalirudisha Jumatano. Alhamisi likawaka, Ijumaa likawaka. Jioni hiyo shemeji na mkewe wakaja kwetu na furaha yao. Yule fundi, shemeji akasema, ni mtaalamu haswa. Mama Pacha akaongeza kwamba ndiyo tofauti ya mtu aliyesomea kazi.

Mume wangu akasema ni kweli, akammiminia shemeji chai. Hakuungua. Miaka yote ile nimekaa na hasira zake, na siku ambayo ningezipokea kwa mikono miwili, hazikuja. Nikamtazama mtu wangu akimmwagia sifa kijana asiyemjua, kwa kazi aliyoifanya yeye akiwa amepiga magoti uani, na wivu niliokuwa nao wa mlango uliofungwa kwa vidole viwili ukaungana na wake. Walipoondoka, nilikwenda chumbani, nikatia mkono kwenye kopo la nati. Ufunguo niliurudisha msumarini mimi.

Jumamosi likaoshwa, likaachwa pale pale dirishani. Jumapili asubuhi likawa kimya. Shemeji alibonyeza, akabonyeza, akashuka. Akapiga simu kampuni, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Kisha akaweka simu mfukoni, akashika kiuno, akageuka kumtazama kaka yake aliyekuwa mlangoni na mswaki wake. Safari hii uso wa mume wangu haukuwa na raha yoyote. Alikuwa ameshangaa.

"Kaka, nisaidie," shemeji alisema. "Waranti na ife. Njoo uone."

Ndiyo maneno yenyewe, hayakupungua. Mimi nikauma uzi. Mume wangu alitema, akajifuta mdomo kwa mkono, akaja akinyoosha mgongo kama aliyeitwa mbele ya watu kupewa zawadi. Akafika kwenye boneti, akainama, akainua macho kidogo tu. Akauona msumari. Kisha akaniona mimi.

Nilijua ninachotaka afanye. Afungue boneti, aguseguse nyaya mbili, azifunge tepu nyeusi. Mimi ningeuondoa ufunguo, na kesho gari lingewaka, na fundi wa kampuni angesahaulika. Nilikuwa nimemtayarishia kila kitu. Alichotakiwa ni kuinua mkono.

"Hakuna cha kuangalia," alisema. "Gari lako zima. Ubaya uko ukutani kwangu."

Akamweleza yote: mita, namba, Jumapili ile, jinsi nilivyotembezwa. Shemeji alisikiliza bila kumkatiza, kisha akaingia ndani na mume wangu nyuma yake, akapita ubavuni mwa cherehani yangu, akaunyanyua ufunguo kutoka msumarini. Ulikuwa na vumbi la vitambaa na kipande cha uzi mwekundu. Akauliza nani aliuweka pale.

"Mimi," mume wangu alisema, kabla sijafungua kinywa.

Shemeji akautoa ule uzi kwa kucha, taratibu. "Nilidhani unatembea nao," alisema. "Kila Jumamosi nakuoshea, nakuachia, naenda sokoni kwa miguu. Nikirudi liko pale pale. Nikasema basi, kaka hataki kitu changu."

Mimi nilikuwa nimeshika shati la mteja, na nilijua kwamba kama ufunguo ule ungekaa mfukoni kwa mume wangu kama alivyoambiwa, ukalala naye upande wa barabara, gari lile lisingekufa hata siku moja. Mume wangu naye alijua, maana aliinama akaanza kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo.

Walilishtua kwa betri ya kibandani wakatoka wawili, mume wangu kwenye usukani, akibishana na kiti namna ya kukisogeza. Walirudi saa sita. Alikuja moja kwa moja chumbani kwangu, akaniuliza lililokuwa likimkaa kooni. Nyumba nzima ina droo, kwa nini dirishani?

Nilitaka kusema niliuweka tu. Nikajikaza kisabuni nikasema kweli. "Nilikuwa nataka nikiinua macho niuone. Mimi sijawahi kupewa ufunguo wa kitu, zaidi ya kabati."

Aliketi kando ya cherehani. "Mbona hukusema?"

"Mbona na wewe hukusema?"

Sasa ufunguo unatembea kwenye mfuko wake wa shati, upande wa kalamu. Jumamosi wakitoka yeye na mdogo wake, mimi nabaki na cherehani, nasikia gari linavyowaka mara moja tu, bila wasiwasi. Tepu yangu ya kupimia nimeihamishia msumari mwingine. Ule wa dirishani nimeuacha wazi.