Rufaa ya Chini ya Ngazi

Mtaa mzima unamwita Bonge, na yeye anaitika bila kinyongo. Ni fundi wa kiwanda cha nguo, mikono myepesi, mwili mzito. Uzito ulimwanza baada ya uzazi wa pili, ukagoma kutoka hata alipojinyima mpaka kichwa kikamzunguka. Magoti yakachakaa. Siku hizi anakanyaga mashine kwa mguu mmoja, na kutembea ni mpaka fimbo.

Daktari akamwambia huo ni ugonjwa, una matibabu. Bima, ambayo anakatwa kila mwezi, ikamjibu: kupunguza mwili ni urembo, hatulipi. Bonge akakata rufaa, akaitwa kwenye kikao ofisini kwao.

Akaenda na shemeji yake, mume wa mdogo wake, mtu wa maneno. Kufika, lifti imekufa. Kikao kiko ghorofa ya tatu.

"Shemeji, nikubebe?"

"Ukivunjika mgongo watakuambia nao ni urembo."

Mlinzi akacheka mpaka akashika ukuta.

Bonge akajaribu. Ngazi ya nne goti likakataa kabisa. Akateremka taratibu, akaomba kiti cha mlinzi, akakaa.

Katibu, dada wa viatu virefu, akachungulia kutoka juu. "Mama, panda ngazi basi! Usipofika tunafunga faili."

"Nimefika, mwanangu. Nipo hapa chini."

"Sasa kama kupanda huwezi, umekuja kufanya nini?"

"Kuwaambia hivyo hivyo."

Katibu akarudi ndani.

"Umeharibu," shemeji akanong'ona. "Si ungejikokota tu?"

"Nijikokote mpaka lini? Na mimi nina haki ya kusikilizwa kama wenye magoti."

Bonge akashika fimbo kwa mikono miwili. Ikiwa faili limefungwa, basi tena.

Mara viatu ngazini. Wakubwa watatu wanateremka, mwenyekiti akihema, katibu nyuma na viti. Wakakaa pale pale koridoni, watu wakiwapita. Bonge akafunua goti lililovimba.

"Sitaki kiuno cha harusi, mheshimiwa. Nataka kupanda ngazi zenu."

Mwenyekiti akageuka akazitazama ngazi, kisha wenzake. Wakanong'onezana weee.

"Mama, hili neno urembo tunalifuta. Kliniki na dawa tutalipa. Ukihitaji upasuaji, hilo tutakaa tena."

"Mtakaa wapi?"

Mwenyekiti akafuta jasho. "Hapa hapa chini."

Jumatatu Bonge akaanza kliniki.