Miamba Niliyoiandika Bila Kuiona

Asubuhi ile haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, kisha jua likatoka, na kaka yangu Masanja akanishika mkono mbele ya wachimbaji wenzake. "Huyu ndiye mdogo wangu," akawaambia. "Anasomea mawe chuo kikuu."

Nitakueleza nilivyofika pale, maana najua una fomu ya kuomba chuo mezani na bado hujajaza somo.

Kwetu ni Ushirombo. Tulizaliwa wavulana wawili, na ng'ombe wa baba walihitaji mchungaji, kwa hiyo Masanja alitolewa shule akiwa darasa la nne ili mimi niendelee. Hakulalamika. Kila nilipofaulu mtihani, yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba akitangaza, kana kwamba aliyefaulu ni yeye.

Nilipomaliza kidato cha sita, katikati ya miaka ya sabini, nilijaza jiolojia. Mwalimu wangu wa hesabu aliniuliza sababu, kwani hakuwahi kuniona nikiokota hata jiwe. Nilimjibu kwamba taifa linahitaji wataalamu wa madini. Ulikuwa uongo uliovaa nguo nzuri. Ukweli ni kwamba utotoni nilikwenda kwa shangazi yangu kule Maganzo, karibu na mgodi wa almasi, nikawaona wataalamu wa miamba wakishuka kwenye Landrova, kaptula zao za kaki zimenyooshwa, na watu wakiwapisha njia. Nilitaka na mimi nipishwe njia. Somo lenyewe sikulijua, wala sikumuuliza yeyote anayelifanya siku yake hupitaje.

Chuoni nilijua haraka namna ya kufaulu bila kujifunza. Nilikariri maswali ya miaka iliyopita. Mwaka wa pili tulitakiwa kukaa porini wiki tatu tukichunguza miamba. Siku ya kuondoka nilisema nina homa. Sikuwa na homa; Jumamosi ile kulikuwa na dansi. Wenzangu waliporudi, ngozi zimewababuka kwa jua, nilimwomba rafiki yangu ripoti yake nikaiandika upya, nikibadilisha maneno hapa na pale. Nikapata alama nyingi kuliko yeye, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa safi. Tulicheka sana.

Likizo iliyofuata sikumkuta Masanja nyumbani. Pamba ilikuwa imeharibika, naye alikuwa amekwenda upande wa Geita kuchimba dhahabu. Mkewe, Mama Kulwa, alinipa furushi la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nimpelekee. Ndivyo nilivyofika kwenye lile shimo.

Pale palikuwa na utaratibu wao. Baada ya mvua hakuna aliyeshuka mpaka mzee wa magogo aseme. Huyo ndiye anayekata miti na kuikaza shimoni ili kuta zisianguke. Wa kwao aliitwa Mzee Lugata. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi katika mgodi mkubwa kabla haujafungwa, na shule hakuwahi kuiona. Hugonga ukuta kwa nyundo, huweka sikio, husikiliza.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, ng'wanawane," akaitikia, akiniita mwanangu kwa Kisukuma. "Nimegonga tangu alfajiri. Ukuta unajibu vibaya. Nasema tungoje siku mbili, tuongeze magogo."

"Mzee anataka tule michembe mpaka Krismasi!" mchimbaji mmoja akadakia, na wenzake wakaangua kicheko. "Injinia, shuka wewe utuambie. Yeye anasikiliza ukuta kama redio iliyokwisha betri."

Nikashuka. Kimo cha watu watatu hivi, niliona mstari wa udongo mwekundu, mpana kama kidole, umeukata ukuta mshazari. Niliugusa. Ulikuwa laini na umelowa. Nikajifuta kwenye suruali. Kisha nikagonga nyundo mara kadhaa, kwa kuwa macho yalikuwa yananitazama kutoka juu, lakini sikujua nilipaswa kusikia nini.

Ningeweza kusema sijui. Nilitazama juu nikauona uso wa Masanja, umejaa fahari, na neno hilo likakataa kutoka.

"Ni imara!" nikapaza sauti. "Hii ni graniti." Haikuwa hata graniti.

Nilipotoka, Mzee Lugata aliniuliza taratibu, "Na ule mstari mwekundu?"

"Rangi tu ya madini, mzee."

Alinitazama, kisha akaokota nyundo yake. "Wewe umesoma," akasema. "Mimi sikusoma." Akasogea kando, akanipisha njia.

Masanja alishuka wa kwanza, akiimba, wenzake wakingoja zamu yao juu. Chakula kilikuwa bado jikoni ukuta ulipoteleza kwenye ule mstari mwekundu, ukashuka kipande kizima. Tulichimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa mikono. Tulimtoa jioni. Alikuwa amekwisha kufa.

Mzee Lugata alikaa juu ya kifusi, kucha zake zinavuja damu. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Ng'wanawane, hivi ulisomea nini hasa?" Akaongeza, "Ungesema hujui, tungengoja."

Nyumbani, Mama Kulwa naye hakunilaumu. Baada ya mazishi aliniuliza jambo moja: kama michembe ilimfikia. Nikamwambia ilimfikia. Haikuwa kweli. Furushi lilikuwa bado limefungwa.

Niliporudi chuoni nilifungua sanduku langu la bati, nikaitoa ile ripoti. Ukurasa wa saba, kwa mwandiko wangu safi, palikuwa pameandikwa kwamba ufa uliojaa udongo mwekundu ni dalili ya ukuta utakaoteleza, hasa baada ya mvua. Pembeni mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema.

Nilimpelekea mwalimu ripoti nikamweleza yote. Nilirudia mwaka. Rafiki zangu walinitangulia kuhitimu, na mimi nikaenda porini kila safari, nikashika kila jiwe. Baadaye kazi yangu ikawa kukagua mashimo, na nimesema "sijui, tungoje" mara nyingi mno, mbele ya watu waliokasirika. Wako waliopona kwa sababu hiyo. Hakuna hata mmoja aliyenirudishia Masanja.

Kwa hiyo, mwanangu, usijaze somo kwa sababu ya gari la anayelifanya. Mtafute mtu aliye ndani ya kazi hiyo, kaa naye siku nzima, uone inavyochosha na kama unaweza kuichoka hivyo miaka thelathini. Ukishachagua, usimwachie mwenzako aone kwa niaba yako. Alama zitakupa cheti, lakini ukutani cheti hakioni. Anayejua bila shule msikilize kabla hujamsahihisha. Na kumbuka kuna mtu aliyeachia nafasi yake ili wewe uketi darasani; siku moja atayaweka maisha yake juu ya neno lako, naye hatakuomba ushahidi.

Mungu akupe macho ya kuona ulichokiandika, akupe na ujasiri wa kusema hujui wakati wanaokupenda wanakutazama. Na atakapokuja mzee mwenye mikono yenye udongo kukuuliza ulisomea nini hasa, akujalie uwe na jibu.