Mkono Mzima wa Mama Mkwe

Jamani, ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka: mimi ndiye yule daktari (daktari gani, mganga msaidizi tu, koti lenyewe jeupe la mtumba) niliyemfunga mama mkwe hogo la plasta, lile gamba gumu la waliovunjika, kwenye mkono mzima, mchana kweupe, kijiji kizima cha Kilangali kiko kwenye foleni.

Miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kuingia, kila Jumatano gari lilitutoa Mikumi, mimi na nesi wetu, Sista Tatu, kwenda kufunga waliovunjika huko vijijini. Siku hiyo nafika, nani yuko mbele? Mama yake Mwajuma, mchumba wangu, kateleza kisimani kavunjika kifundo cha mkono. Na jibu la posa yangu lilikuwa litoke Ijumaa ile ile! Sista akasema, "Niachie mimi, ni mkweo huyo." Nikakataa. Nilitaka mama auone ujuzi wangu, si mnaujua ujana.

Sasa mkwe hatazamwi, na mimi nimefundwa nikafundika, kwa hiyo macho chini, naangalia ndala zake tu, "Shikamoo mama, naomba mkono." Akanipa. Nikapapasa, mfupa umenyooka kabisa, nikatamba, "Sista, huu haujahama hata kidogo!" Nikaviringisha bandeji za plasta, tukasubiri zikauke, mama akashukuru, kisha taratibu akatoa mkono wa kushoto ndani ya khanga, umevimba mpaka vidole.

"Na huu, baba?"

Foleni ikaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, mbona hukusema?"

"Ningempaje mkwe mkono wa kushoto? Nikadhani ndiyo utaalamu wa siku hizi, mnaanza na mzima."

Ikabidi na ule tuufunge (Sista anavuta mfupa, mimi naviringisha). Na mkasi wa kukatia plasta, tuufungue ule mzima? Umebaki Mikumi, mpaka kesho. Ugali ulipoletwa mama akaukodolea macho, hogo huku, hogo huku, na Sista akasema kwa sauti wote wakasikia, "Aliyefunga ndiye alishe." Nikanawa. Nikakata tonge, na ili nisimlishe pua ikabidi nimtazame usoni, mara ya kwanza. Kumbe alikuwa anacheka mpaka machozi, na nikampenda mama yule pale pale.

"Matonge madogo, baba," akasema. "Na Ijumaa wazee wako waje bila wasiwasi."

Tangu siku hiyo mgonjwa namtazama usoni, awe mama wa nani, na mkono unaouma nauulizia mara mbili. Na Mwajuma tuna watoto wanne sasa. Ila mama hajasahau: kila nikimwamkia ananyoosha mikono yote miwili.

"Marahaba, baba. Chagua."