Presha ya Msichana

Siwapendi nesi yule na daktari wake. Nalisema mapema, mtu asije akadhani nasimulia kwa upole.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alipiga pasi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Yeye anapiga pasi, mimi nakunja, meza zetu zimegusana. Mashuka yenyewe yakiletwa, usiulize: matapishi, nywele, damu, na mengine siyataji, huenda unakula. Dirisha ni moja, nalo limezibwa na mafurushi. Bosi akiingia hasalimu. Anafoka tangu mlangoni, mate yanarukia mashuka safi, tunafua upya.

Kila mchana kichwa kilimgonga wifi. Anashika meza, anafumba macho. "Wifi, naona nyota."

"Zihesabu, ukimaliza nipe hayo mashuka," namtania, na tunacheka. Nikikikumbuka kicheko kile najichukia na mimi.

Wala hakuwa mzembe. Kila baada ya miezi mitatu aliomba ruhusa, akavaa gauni lake zuri, akaenda kliniki. Anafika asubuhi na mapema, anakaa kwenye benchi masaa manne chini ya feni, viatu amevua, anasinzia. Tangu aolewe sijui kama aliwahi kupumzika mahali pengine. Akiitwa, mwili umeshatulia kabisa. Nesi, vidole vimejaa mafuta ya karanga, anamfunga mkanda mkononi bila kumtazama usoni.

"Mama, presha yako ya msichana!"

Wifi anarudi anajishaua wiki nzima.

Mimi sikuridhika. Baba yangu ana mashine yake ya kupimia presha nyumbani. Nikaiazima, nikaiingiza kazini ndani ya kikapu, na saa nane mchana, bosi ametoka tu kufoka, nikamfunga wifi mkanda palepale kwenye meza ya pasi. Mia moja tisini na sita kwa mia moja kumi na mbili. Baba mwenyewe, mgonjwa wa miaka mingi, hajawahi kufika huko. Nikampima siku tano mfululizo, nikaandika kila kitu kwenye karatasi.

Tukaenda kliniki pamoja. Benchi, feni, usingizi. Nesi akapima: mia moja ishirini na mbili kwa sabini na nane. Daktari akaishika karatasi yangu kwa ncha za kucha, kana kwamba nimempa nepi iliyotumika.

"Hizi mashine za dukani! Nani alikufundisha kupima, dada?"

"Daktari, hapa anafika amepumzika. Njoo umpime akiwa kazini."

"Sasa nianze kuzunguka kwenye kazi za watu?" Wakacheka, yeye na nesi. Kisha akaikunja karatasi ile na kuchokolea jino kwa kona yake. Kwa macho yangu nilimwona, akatoa kipande cha nyama, akakitazama, akakimeza.

Kilichoniuma zaidi, wifi alicheka nao. Njiani akaniambia, "Wifi, kwani unanitakia ugonjwa? Msomi kasema mimi mzima." Kaka naye alifurahi; nani asiyefurahi kuambiwa mkewe mzima? Nikairudisha mashine kwa baba. Nilichoka kubishana, huo ndio ukweli.

Wiki ya saba baada ya hapo, tuko kazini, nikasikia harufu ya kuungua. Nikadhani ni shuka.

"Wewe wifi, unaunguza! Umelala?" nikamkemea bila kugeuka.

Nilipogeuka, pasi ilikuwa juu ya mkono wake wa kushoto, ngozi inatoa moshi, naye anautazama tu kama mkono wa mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Hakusikia maumivu yoyote. Harufu ile haijanitoka puani mpaka leo, na sili tena nyama ya kuchoma.

Alilazwa hospitali ileile yenye kliniki yetu, nusu ya mwili haisogei, hata kuniita wifi hawezi. Siku ya pili akaja daktari yuleyule, akasoma mashine iliyo kando ya kitanda: mia mbili na kumi. Akatikisa kichwa, akanigeukia. Hakunikumbuka.

"Ninyi ndugu mkoje? Presha kubwa namna hii, mbona hamkumleta kliniki mapema?"

Nilitapika palepale, miguuni pake.